Doa Lisilozunguka

Keateka Gichuru, msimamizi wa ploti, alifunga geti la korido kwa kufuli, akalitikisa mara mbili kuona kama limeshika, akautia ufunguo kwenye mfuko wa shati, kisha akaeleza kwamba amefanya hivyo kwa usalama wao. Alieleza akiwa upande wa nje. Sajini Kathini, ambaye alikuwa upande wa ndani, aliona kasoro ndogo katika mpango huo wa usalama, lakini kabla hajaitaja kichochoro kilikuwa kimejaa watu.

"Gari lenu likifika, nafungua," Gichuru alisema. "Lisipofika kabla ya saa nane, Sajini, mimi ni mtu mmoja. Hawa ni ploti nzima."

"Saa hizi ni saa ngapi?"

"Saa saba na robo."

"Basi hata chai tunaweza kupika."

Hakuna aliyecheka. Mtu fulani nyuma alisema chai itapikwa, na moto utaletwa. Hapo walicheka wachache, na kicheko chenyewe hakikumpendeza Kathini.

Alikuwa amekuja mtaa wa Pipeline peke yake mchana huo wa Alhamisi, mpelelezi mmoja na mkoba mmoja, kumhoji mtu mmoja kwa nusu saa. Mtu mwenyewe alikuwa mzee Munyoki, soja aliyelinda usiku ploti hii ya orofa saba, na chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, mwisho wa korido isiyo na njia nyingine ya kutokea. Tangu jana mzee hakuwa ametoka humo. Majirani walidhani ametoroka. Kathini alipobisha na mlango ukafunguliwa, mama mmoja aliyekuwa akifua aliona, na habari ikapanda ngazi haraka kuliko maji yalivyowahi kupanda kwenye jengo hilo.

Maji ndiyo yalikuwa chanzo. Usiku wa Jumanne wezi waliingia kupitia geti dogo la uani, wakapanda hadi paa na kung'oa pampu mbili. Walimkuta Opicho amelala kando ya matangi. Opicho ndiye aliyekuwa akiwabebea maji wa orofa za juu pampu zikigoma, na akina mama wazee hakuwadai kitu. Walimpiga kwa chuma kichwani. Mpaka Alhamisi hii alikuwa hospitalini, hajafungua macho.

Kufuli la uani halikuvunjwa. Lilifunguliwa kwa ufunguo. Funguo zilikuwa mbili: wa soja na wa keateka. Asubuhi ya Jumatano keateka alituma klipu kwenye grupu la ploti, sekunde ishirini na mbili, na kufikia saa nne kila mpangaji alikuwa nayo kwenye simu. Picha ilikuwa ya kijani. Ilirekodiwa kwa simu kupitia jicho la darubini ya usiku ambayo kamati ya ulinzi ya nyumba kumi ilinunua mwezi uliopita, baada ya taa kubwa ya mulika mwizi kufa. Ilimwonyesha mtu mwenye kabuti akifungua geti la uani, na wawili wakiingia wamebeba kitu kirefu ndani ya blanketi.

Kathini alikuwa na klipu hiyo kwenye simu yake, na darubini yenyewe kwenye mkoba, ndani ya boksi lake. Alirudi chumbani na kusukuma mlango.

Stima zilikuwa zimepotea, hakuna taa iliyowaka. Dirisha la Munyoki lilitazama ukuta wa ploti jirani, karibu kiasi kwamba ungeweza kumpigia jirani nguo pasi bila kutoka kwako. Saa saba mchana, jua la Embakasi likiwa utosini, ndani ya chumba kile mtu alihitaji kukumbuka kitanda kiko wapi.

"Keti kwenye ndoo, mwanangu," sauti ya Munyoki ilisema kutoka gizani. "Stuli nimeiacha getini."

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, mrefu, na usoni alikaa kama mtu anayesubiri kugombezwa. Kathini alishika simu mbele yake. Alikuwa amejiandaa: kabuti ni ya nani, kimo cha mtu, jinsi anavyotembea. Miaka kumi na mmoja kazini ilimfundisha kwamba mtu anayeshikwa mkono ukiwa mfukoni mwa mwenzake kwanza hukana mkono.

"Mzee, huyu mwenye kabuti ni nani?"

Munyoki alitazama mpaka mwisho. Akaomba irudiwe. Akatazama tena.

"Ni mimi," alisema.

Kathini aliketi kwenye ndoo.

"Mzee Munyoki. Hapo nje kuna watu zaidi ya mia wanaongoja kusikia hilo neno tu."

"Sasa niseme si mimi na ni mimi? Hiyo kabuti ina kiraka mgongoni nilishona mwenyewe. Na huo mguu wa kushoto hutupa nje hivyo tangu nianguke mjengoni."

"Na hao wawili?"

"Kavindu wa orofa ya tano na shemeji yake. Hicho kwa blanketi ni mama yake Kavindu. Alifika na basi ya usiku kutoka Mwingi, mgonjwa, hawezi kusimama. Hapa mbele sewa ilikuwa imefurika maji machafu, ungepita na gambuti. Nikawafungulia nyuma."

"Usiku wa Jumanne?"

"Si Jumanne. Wiki iliyopita. Jumatano ama Alhamisi, siwezi kuapa."

"Kavindu yuko wapi?"

"Kiwandani, Athi River. Simu huachwa kwa lango mpaka saa kumi na moja. Shemeji ni dereva wa lori, yuko njia ya Malaba. Mama alirudishwa nyumbani Jumapili, na hana simu."

"Nani mwingine aliona?"

"Nikiona mtu mwingine saa hizo, huwa namfukuza. Hiyo ndiyo kazi."

Kathini alifikiria hilo. Hata Kavindu angepatikana, watu wangesema ni wa kwao, ametoka Mwingi kama Munyoki, lazima amtetee. Klipu haikuwa na tarehe. Ilikuwa na tarehe ya kutumwa tu. Tarehe ya kurekodiwa ilikuwa ndani ya mdomo wa Gichuru.

"Darubini ilikuwa wapi ulipoenda kuwafungulia?"

"Niliiacha kwa stuli. Kubeba mama mgonjwa unahitaji mikono yote."

Nje kitu kilidunda sakafuni, kikaviringika, kikatulia. Kathini alitoka hadi mahali alipoweza kuona. Mtu alikuwa amekuja na tairi. Lilisimama limeegemea ukuta wa kichochoro, kuukuu, halina mwenyewe, na watu walikuwa wameacha nafasi kidogo kulizunguka kama wanavyomwachia mgeni.

Ndani ya korido simu ilishika mtandao sehemu moja tu, na sehemu yenyewe ilikuwa pale pale kwenye geti, pua kwa pua na umati. Alipiga hapo.

"Munene, uko wapi?"

"Barabara ya Outering, madam," alijibu konstebo aliyekuwa akiendesha gari la polisi. "Lori la mchanga limezama kwenye mtaro. Limeziba pande zote."

"Shuka utembee."

"Na gari niliachie nani, madam?"

Alikata. Wakati huo sauti ya mwanamke ilisikika nyuma ya kichochoro: Opicho amekufa. Ikapokewa na ya pili, ya tatu. Hakuna aliyesema ameambiwa na nani. Mwanamume mwenye mabega mapana, aliyekuwa mstari wa mbele na kipande cha chuma mkononi, aliupiga ukuta mara moja.

"Toa yeye nje, Sajini," alisema. "Wewe hatuna shida na wewe."

"Unaitwa nani?"

"Ng'ang'a. Fundi. Andika tu."

"Nimeandika."

Alirudi gizani, akafungua boksi. Ndani ya kifuniko kulikuwa na kadi imebandikwa kwa selotepu, imeandikwa kwa kalamu nyekundu na mtu asiye na subira. Mchana funika. Taa kali usiitazame. Ukimaliza toa betri. Vile vipakiti vya kukausha unyevu vikae humu humu. Usipanguse na shati. Mwisho kulikuwa na nambari: Ikilemaa nipigie kabla hujaipeleka kwa mjuaji. Amolo, mtaa wa Fedha.

Alitia betri, akaiwasha, akaweka jicho.

Chumba kiliruka mbele yake, kijani chote: birika, jiko, kalenda ya kanisa, uso wa Munyoki ukitazama mahali ambapo hakuna kitu. Katika picha kulikuwa na uchafu. Vidoa vitatu vidogo upande wa chini, na juu kulia alama moja nyeusi, nyembamba, imepinda pembeni kama msumari uliokunjwa.

Alicheza klipu tena, safari hii bila kumtazama mtu mwenye kabuti. Alitazama uchafu. Vidoa vitatu vilikuwapo. Msumari haukuwapo.

Karibu afurahi, akajizuia. Uchafu ni uchafu. Leo upo, kesho umepanguswa, na wakili wa kwanza atakayeamka vizuri ataliondoa jambo hilo kwa kitambaa.

"Mzee, hii alama ya juu ilianza lini?"

Birika lilisikika likisogezwa.

"Mzee."

"Alama gani?"

"Sasa ndiyo umeanza kudanganya, na huna mazoezi. Ilianza lini?"

Kitanda kililia. "Jumamosi usiku niliikuta," alisema taratibu. "Asubuhi yake haikuwako. Niliipangusa mpaka kidole kikauma. Nikajua nitaambiwa nimeharibu, nifukuzwe. Hiyo kitu kamati walinikabidhi mbele ya watu, wakaniombea nayo. Nikanyamaza."

"Na hivi vidogo vitatu?"

"Hivyo ni vya mvua. Wiki mbili zilizopita ililowa, nikaizika kwenye mchele usiku kucha."

"Kama simu?"

"Si ndivyo watu hufanya?"

Kathini alirudi kwenye geti na darubini, akapiga nambari ya kwenye kadi. Umati ulimtazama akipiga. Amolo alipokea akiwa anatafuna.

"Kwanza niambie umeifanyia nini," alisema, baada ya kusikia ni darubini gani.

"Kuna vidoa vitatu, na—"

Aliiinua ili aangalie tena, akasahau kwamba amesimama kwenye mwanga. Picha ililipuka ikawa nyeupe. Juu ya weupe ule ulitokea wavu mwembamba, tundu kwa tundu, kama waya wa banda la kuku.

"Imetoa waya wa kuku," alisema.

"Umeielekeza kwenye mwanga. Iondoe hapo, iondoe. Huo wavu si ugonjwa, hivyo ndivyo ilivyoumbwa, na ukiuona inakulalamikia. Ukiendelea itaungua. Hicho kitu kinachukua mwanga wa nyota na kuuzidisha maelfu ya mara, sasa wewe unakilisha jua. Ni kama kumnywesha mtoto mchanga ndoo ya uji."

Kathini alishaielekeza kwenye korido ya giza. Neno moja lilibaki naye.

"Ikiungua inakuwaje?"

"Inabaki na kidonda. Doa jeusi."

"Nitajuaje doa ni kidonda na si uchafu?"

"Swali la kwanza la maana leo. Shika lile jicho la nyuma, unalotazamia. Linazunguka. Lizungushe pole pole huku unaangalia. Doa likizunguka nalo, ni uchafu wa kwenye lenzi, mtu aje kwangu niisafishe. Lisipozunguka liko ndani, kwenye tyubu inayozidisha mwanga. Hilo halipanguswi. Hata mimi siwezi."

Alizungusha. Vidoa vitatu vilianza safari, kimoja nyuma ya kingine, kama watoto wanaopelekwa shule.

"Vitatu vinazunguka."

"Vumbi. Waliiweka kwenye mchele?"

"Waliiweka kwenye mchele."

Upande wa pili Amolo alihesabu kwa sauti ya chini mpaka tano. "Nimeandika kadi," Amolo alisema mwishowe. "Kwa wino mwekundu. Vipakiti vya kukausha nimewawekea. Mchele una vumbi kama unga, unaingia kwenye kila pengo."

"Kimoja hakizunguki."

"Kina umbo gani?"

"Mstari mfupi, halafu umekunja kona."

"Mstari?" Sauti ilibadilika, kutafuna kukakoma. "Hiyo si taa, Sajini. Taa hukaa mahali pamoja, inaacha nukta. Gari likipita linachora, lakini taa ya gari haichomi hivyo kwa mara moja. Huo ni moto mkali uliokuwa unatembea. Unatembea pole pole, tena umefika kona ukakata."

Kathini aliinua macho. Mbele yake, inchi kumi kutoka usoni, kulikuwa na geti. Chuma mpya, bado bila rangi. Mahali bapa la juu lilipokutana na la pembeni, kwenye kona, kovu la kuchomelea lilikuwa bado na ubluu wa moto. Alilifuata kwa macho: mstari, kisha kona.

"Asante, fundi. Swali la mwisho. Kidonda kama hicho kinaweza kuja na kuondoka? Jumamosi kipo, Jumanne hakipo, Alhamisi kipo?"

"Kidogo huweza kufifia kikaisha. Lakini kikiisha kimeisha, hakirudi kusalimia. Kama kipo leo, na kilikuwepo Jumamosi, basi Jumanne kilikuwepo."

"Na nikitaka watu waone, na ni mchana?"

"Kifuniko cha mbele kina kitundu kidogo katikati. Hukuona? Hakuna anayekionaga. Acha kifuniko kimefungwa, uwashe, uelekeze kwenye giza. Mchana hutumiwa hivyo tu."

Saa ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi na mbili. Mtu alikuwa amelikalia tairi. Kathini alitia simu mfukoni na kusogea mpaka vyuma vikamgusa kifua.

"Keateka," aliita. "Njoo nimalizie kuandika taarifa yako, gari likija tusichelewe."

Gichuru alisogea kwa hiari. Alikuwa nadhifu, shati limepigwa pasi, na ufunguo ulionekana ukivimbisha mfuko.

"Klipu uliirekodi usiku wa Jumanne?"

"Saa tisa kasoro."

"Una uhakika si usiku mwingine?"

"Sajini, pampu ziliibiwa usiku mwingine?"

Watu walicheka. Kathini pia alicheka. "Nisamehe, ni njaa. Na ulirekodi kwa darubini hii, si nyingine?"

"Ploti ina moja tu. Niliikuta kwa stuli, soja hayupo. Nikapanda nayo dirisha la ngazi ya pili."

"Simu uliyorekodia?"

"Jana ilianguka ndani ya ndoo."

"Pole sana. Uliweka kwenye mchele?"

"Niliweka, haikuwaka."

"Huu mchele haujasaidia mtu hapa." Alimgeukia mwenye chuma. "Ng'ang'a fundi. Hili geti ni kazi yako?"

"Ni yangu. Jumamosi."

"Kona safi. Ulichomelea bila miwani?"

Ng'ang'a alibadilisha chuma mkono. "Miwani iko."

"Jumamosi ilikuwepo?"

"Kioo kilipasuka. Hiyo inahusiana aje na Opicho?"

"Kioo kimepasuka, na hukupofuka. Uliangalia moto na nini?"

"Niliangalia kando. Sisi mafundi tumezoea."

"Uongo," ilisema sauti ya kike, na watu wakageuka. Alikuwa Nduta, anayeuza chapati mdomoni mwa kichochoro, aproni imejaa unga na upawa ungali mkononi. "Si ulichukua ile darubini ya soja ukajifunga nayo usoni kwa kamba ya kiatu? Nikakuuliza wewe ni fundi ama ni rubani? Ukaniambia hii kama inaona gizani, moto hauwezi kuiambia kitu."

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele. Safari hii kilikuwa kicheko cha kawaida, cha watu wanaojuana.

"Ilikuwa dakika moja," Ng'ang'a alisema, akitazama chini.

"Nani alikupa?"

"Hakuna. Keateka alikuwa ameileta hapa chini atoe maji ya mvua kwa boksi, akaenda kuninunulia vijiti vya kuchomelea. Ikabaki. Nikasema nijaribu. Nikapiga hiyo kona, ndani kukawa na mweko, kukazima. Nikairudisha. Baadaye ikawaka, nikajua haikupata shida."

"Ilipata." Kathini alihakikisha kifuniko cha mbele kimefungwa, akaipitisha darubini kati ya vyuma. "Chukua. Wewe wa kwanza. Tazama huku kwangu kwenye giza. Juu kulia."

Ng'ang'a alimkabidhi mtu chuma chake ili apate mikono miwili. Kathini aliandika hilo kichwani, lile tendo la kuachia chuma.

"Naona mstari," Ng'ang'a alisema. "Umekunja." Aliitoa jichoni, akatazama kona ya geti, akairudisha jichoni. "Hii ni kona yangu."

"Zungusha jicho. Inazunguka?"

"Hizi ndogo ndiyo zinazunguka. Kona yangu imekataa."

"Sasa toeni simu zenu. Mnayo klipu nyote. Msimwangalie soja, tumemwangalia siku mbili. Angalieni juu kulia."

Ilichukua muda. Darubini ilipita mkono kwa mkono, na kila mtu aliyeitazama aliinamia simu yake baadaye, akaikuza picha kwa vidole viwili. Kijana mmoja aliielekeza kwenye jua, akapigwa kofi la kisogo na Nduta. Vidoa vitatu vipo, walisema. Hiyo ingine haiko. Kwako iko? Kwangu haiko. Mwanamke aliyekuwa amelikalia tairi alisimama ili apate zamu yake.

"Jumamosi mchana fundi aliichoma," Kathini alisema, bila kupaza sauti, kwa hiyo ikabidi wanyamaze. "Kidonda kipo tangu siku hiyo. Keateka anasema klipu ni ya Jumanne, kwa darubini hii hii. Ingekuwa ya Jumanne, ingekuwa na kona ya Ng'ang'a. Haina. Ina vumbi la mchele la wiki mbili zilizopita, kona haina. Hii picha ni ya kabla ya Jumamosi. Mnaowaona ni Kavindu na shemeji yake wakimwingiza mama mgonjwa, usiku ule sewa ilifurika. Nani anakumbuka sewa?"

"Nani atasahau," mtu alisema.

"Ilikuwa Alhamisi," Nduta alisema. "Ijumaa sikupika."

"Basi Jumanne hatuna picha ya mtu yeyote. Tuna geti lililofunguliwa bila kuvunjwa." Kathini alingoja kidogo. "Nisaidieni, mimi si wa hapa. Funguo za uani ni ngapi?"

Ng'ang'a aligeuza kichwa kumtazama Gichuru, na baada yake wengine, mmoja mmoja, mpaka kichochoro chote kikawa kinatazama shati moja lililopigwa pasi.

"Sikilizeni," Gichuru alisema. "Huyu mama amezungumza mambo ya kitaalamu, mimi sijasoma hayo. Nilikosea siku. Mtu hukosea siku."

"Jumatano asubuhi ulikosea jana yake?" Nduta aliuliza.

Ng'ang'a alinyoosha mkono bila kutazama, na aliyekuwa ameshikilia chuma akamrudishia. Lile tairi lilisogezwa kwa mguu na mtu ambaye Kathini hakuwahi kumwona uso.

Gichuru alirudi nyuma hatua moja, na nyuma yake kulikuwa na geti. Mkono wake uliingia mfukoni. Ufunguo ulikosa kufuli mara mbili. Mara ya tatu uliingia, geti likafunguka upana wa mtu mmoja mwembamba, naye akapita kwa upande, kifungo cha shati kikibaki kwenye chuma. Akalivuta, akapitisha mkono kati ya vyuma na kulifunga kufuli tena kutoka ndani. Mkono huo aliutoa haraka, maana chuma cha Ng'ang'a kilikuwa kimetua pale ulipokuwa.

Kisha akamnyooshea Kathini ufunguo.

"Sajini, usifungue. Tafadhali. Mpaka gari lifike."

"Kwa usalama wetu?" Kathini alisema.

Hakuchukua ufunguo. Aligeuka na kuita gizani, na mzee Munyoki akatoka chini ya ngazi akipepesa macho kwa mwanga. Mguu wa kushoto ulitupa nje kila hatua, na watu waliokuwa wameitazama hatua hiyo kwenye simu siku mbili waliinamisha macho.

"Mzee, zamu ni ya nani?"

"Huanza saa kumi na mbili jioni."

"Leo umeitwa mapema. Chukua ufunguo wa geti lako."

Munyoki aliutoa mkononi mwa Gichuru bila kumtazama. Akavuta stuli yake iliyokuwa kando ya geti, akaiweka katikati ya korido, mgongo kwa keateka na uso kwa watu, akaketi. Nduta aliingiza darubini kati ya vyuma. Mzee aliipokea kwa mikono miwili. Akaizima, akakagua kifuniko, akatoa betri, akazipanga kwenye boksi pamoja na vipakiti vyake, akalifunga boksi na kuliweka mapajani.

"Kwanza Opicho," Kathini aliuambia umati. "Nani ameambiwa amekufa, na ameambiwa na nani?"

Hakuna aliyekuwa ameambiwa. Kila mtu alikuwa amesikia.

"Basi mmoja wenu apige hospitali. Nyinyi huko nje ndio mna mtandao."

Aliegemea ukuta na kutoa daftari. Ilikuwa saa nane kamili. Alikuwa na mshukiwa, taarifa aliyoitoa mbele ya mashahidi mia, na geti lile lile lililofungwa kwa kufuli, na Outering lori lilikuwa bado kwenye mtaro. Nje chuma kilianza kugonga geti, polepole, mara moja, kikapumzika, mara moja.

Gichuru alichuchumaa nyuma ya stuli. Alinong'ona, lakini korido ile ilibeba kila kitu.

"Munyoki. Munyoki, ndugu yangu. Hutawafungulia?"

Mzee aliweka boksi sawa mapajani, ufunguo ndani ya ngumi.

"Mimi hufungua kukiwa na mgonjwa," alisema. "Hao wote naona wazima."